Mianya Isiyoota Nyasi

Gari lilikuwa limeshatoa mkia nje ya geti, linarudi nyuma polepole, na mwenye nyumba bado anatoa maagizo dirishani. Kiti cha nyuma kilijaa masanduku mpaka kioo hakionyeshi kitu. Alikuwa amepata kazi mbali, ya mwaka mzima, na alikuwa na haraka ya mtu ambaye moyo umeshaondoka, umebaki mwili tu kuufuata.

"Ziba yote, Fundi. Usiniachie hata mwanya mmoja. Mama alijikwaa kwenye yale majani ya kati ya mabamba, mkono ukakaa kwenye bandeji wiki sita. Nikimwacha na uwanja ule vile ulivyo, sitapata usingizi huko niendako."

"Nimekuelewa, bosi."

"Na bamba usiinue hata moja. Baba ndiye aliyeyapanga, kwa mikono yake. Mama hataki yaguswe. Kwangua, jaza, basi."

Gari likatoka lote. Mama yake alisimama getini na mkono mmoja hewani, ule mzima, mpaka vumbi likakaa chini. Kisha akageuka akamtazama fundi kama mtu anayetazama kabati lililoletwa kwenye nyumba isiyo yake.

"Haya," akasema. "Sijui wewe ndiye umeachiwa mimi, au mimi ndiye nimeachiwa wewe. Njoo uone kazi yako."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miaka arobaini na ushee, magoti yameota sugu kwa kutambaa kwenye sakafu za watu. Mkewe alikuwa na kaka asiye na kazi maalumu, na fundi alikuwa anatembea naye kila anapoitwa, kwa kuwa shemeji ni shemeji, hata akiwa mzigo, unambeba. Mtaa mzima ulimwita huyo shemeji Redio, kwa sababu alikuwa hazimwi.

"Shikamoo, Mama," Redio akasema, mfuko wa saruji begani. "Pole kwa kuagana. Watoto ndivyo walivyo. Unawalisha wapate miguu, wakishaipata wanaitumia kukuondokea."

"Marahaba. Na wewe mama yako ulimwondokea lini?"

"Mimi alinifukuza, Mama."

Mama akacheka puani, akawatangulia.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba, kati ya mlango wa jikoni na ukuta wa mwisho. Mabamba ya zege ya mraba, kila moja upana wa hatua ndogo, safu kumi kwenda na kumi na mbili kuvuka. Sehemu yote iliinama kidogo kuelekea jikoni, ambako palikuwa na kitundu chenye wavu wa chuma, cha kupitishia maji ya kuoshea vyombo. Baina ya bamba na bamba, mianya ya vidole viwili, na ndani ya mianya hiyo kila uchafu wa miaka thelathini: nyasi, ukoga wa kijani, vichuguu vya siafu, vifungo vya mashati, meno ya kitana. Katikati kabisa palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono. Hapo ndipo Mama alipoota jua kila asubuhi, tangu ujane wake, na hata kabla.

Walianzia kwenye ukuta. Kazi yenyewe si ngumu, ila inachosha uti wa mgongo kama kuomba radhi. Unashika tindo nyembamba, unakwangua mwanya mpaka kina cha pingili mbili za kidole. Unang'oa nyasi na mizizi yake, maana ukiacha mzizi umeacha mbegu. Unapiga brashi, unasuuza, unangoja maji yanyweke. Ndipo unachanganya saruji na mchanga laini, mchanganyiko mkavukavu, ule ukiubana kiganjani unakaa kama andazi, na unaushindilia kwa ncha ya mwiko. Mwisho unapitisha kipande cha bomba juu yake, mwanya unabaki na mfereji mdogo laini wa kukimbiza maji.

Fundi alipenda ile sehemu ya mwisho. Redio alipenda sehemu ya chai.

Siku ya kwanza walimaliza kukwangua safu nne. Siku ya pili, kabla jua halijakaa sawa, wakafika katikati. Mama alikisogeza kiti chake mlangoni, akinung'unika kwamba jua la mlangoni halina ladha.

"Shemeji," Redio akaita, "hapa tumesaidiwa kazi."

Kweli. Mabamba tisa ya katikati, matatu kwa matatu, mianya yake ilikuwa misafi. Hakuna jani, hakuna ukoga, hakuna siafu hata mmoja aliyepotea njia. Ni mianya mitupu, myeusi, kama imefagiliwa kwa ufagio wa ndani.

Fundi kwanza alifurahi. Mgongo ulikuwa unamuuma. Alishapita ile mianya mara mbili kwa brashi ndipo mkono wake ukaanza kwenda polepole. Nyasi haina ubaguzi. Inaota kwenye paa, inaota kwenye ufa wa ndoo. Nyasi ikikosekana mahali, usiulize nyasi. Uliza udongo.

Akachomeka tindo. Haikugusa kitu. Akachukua kipande cha nondo, urefu wa mguu wa mtu, akakitumbukiza huku amekishika kwa vidole viwili. Kiliingia chote. Akafungua waya wa kufungia nondo, akaukunja ncha na kuufungia kokoto, akaushusha. Waya ukashuka, ukashuka, kama unashushwa kisimani, mpaka ukawa urefu wa mtu na zaidi, na kokoto halikugonga popote. Alipoinama kuutazama akahisi pumzi kwenye kifundo cha mkono. Hewa baridi ilikuwa inatoka chini, kidogo kidogo, yenye harufu ya maji yaliyosahauliwa.

"Vipi?" Redio akauliza.

"Nyamaza kidogo."

Fundi akageuza nyundo, akagonga kwa mpini. Alipoanza na bamba la ukutani, lilijibu kwa sauti fupi, nene, sauti ya kitu kilichokalia kitu. Haya ya katikati yalijibu kama ngoma. Aligonga yote tisa, akagonga na yaliyoyazunguka. Tisa yalikuwa matupu. Ya kando yalikuwa mazima. Akatoa chaki, akazungushia mstari.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma kwa kutambaa, akimvuta Redio kwa ukosi wa shati, kama anayemwondoa mtoto mezani.

"Mama," alisema mlangoni, "hapa chini palikuwa na nini zamani?"

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mkono haukusimama.

"Shimo. Shimo la choo cha wenye nyumba wa kwanza, na maji ya jikoni yalikuwa yanakwenda humohumo. Mume wangu alilifukia tulipohamia."

"Alilifukia kwa kitu gani?"

"Kwa kifusi. Malori matatu."

"Uliyaona, Mama?"

Sasa mkono ukasimama. "Mimi nilikuwa kwa dada yangu, nimekwenda kujifungua huyu aliyeniondokea jana. Niliporudi nikakuta mabamba yamepangwa, uwanja unang'aa, mume wangu amekaa katikati kwenye kiti hicho anaota jua. Akaniambia, mama watoto, nimelifukia. Malori matatu."

"Kifusi kimeshuka, Mama. Au..."

"Au nini?"

Fundi aliitafuta namna nzuri ya kulisema akaikosa. "Au hakikuwahi kuwamo. Watu wengine wanalaza magogo juu ya shimo, wanamwaga udongo juu yake, wanapanga mabamba. Gogo linakaa miaka ishirini. Likioza, udongo unashuka, mabamba yanabaki yanashikana kwa mazoea."

Mama aliweka ungo chini, akanyanyuka, akakichukua kiti chake kwa mkono mmoja. Fundi alidhani anaingia ndani. Hapana. Alikipeleka mpaka katikati, akakikita ndani ya mstari wa chaki, akakikalia.

"Siku ya kumzika," alisema, "uwanja huu ulibeba watu wa mtaa mzima. Walikaa hapa siku tatu. Umeona mtu ametumbukia? Mume wangu alikuwa na kasoro zake, nyingine nakwambia, nyingine nitakufa nazo. Lakini mwongo hakuwa. Ziba mianya, mwanangu. Ndiyo uliyoitiwa."

Fundi alisimama ukingoni mwa chaki. Mama alikuwa mwepesi, mifupa na kanga ya kujifunika basi. Labda uzito wake haukutosha hata kuliamsha lile shimo. Labda.

Alimpigia simu mwenye nyumba. Upande wa pili kulikuwa na kelele za barabara.

"Bosi, katikati pako wazi chini. Inabidi niinue bamba moja nitazame, na Mama asikae pale."

"Nilikuambia usiinue bamba."

"Ndiyo, ila..."

"Sikiliza, Fundi. Ninyi mnaitwa kuziba ufa, mnatafuta njia ya kujenga ukuta. Sikulaumu, kila mtu anatafuta. Lakini sina muda huo. Ziba, kesho kutwa nipigie uniambie imekwisha."

Simu ikakatika.

Redio alikuwa ameketi juu ya ndoo. "Kasema nini?"

"Kasema mimi mwizi, kwa adabu."

"Basi tuzibe twende."

"Atakufa yule mama, shemeji."

Redio akatazama pale katikati. Mama alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza juani. Redio akainuka, akaisogeza ndoo yake nyuma hatua mbili.

Walifanya kazi pembeni siku ile mpaka jioni, wakijaza safu za ukutani. Fundi aliamua. Kesho yake angekwenda kwa rafiki yake wa zamani wa kazi kuazima mtaimbo na mbao mbili ndefu za kukanyagia, aje ainue bamba moja, apende nani asipende nani. Mama akishaona shimo kwa macho yake, hatakuwa na la kubisha. Asubuhi akamwambia Redio waziwazi:

"Mabamba yale tisa usiyasogelee. Endelea na safu za pembeni. Mama akija na kiti, msemeshe, mchekeshe, muimbie, fanya chochote ila asikae pale. Kuongea ndiyo kipaji chako, leo kina kazi."

"Mimi tena," Redio akasema.

Rafiki hakuwepo nyumbani. Ikabidi fundi amfuate anakofanya kazi, ng'ambo ya mji, amngoje amalize kumwaga zege. Aliporudi na mtaimbo begani ilikuwa saa tisa alasiri. Mbao zilikuwa hazijapatikana.

Uwanja ulikuwa umekwisha.

Wote. Mistari ilinyooka kutoka ukutani mpaka jikoni kama ya daftari, mfereji mdogo laini katika kila mwanya, pembe zimekutana safi, uso wa mabamba umefutwa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka chaki haionekani. Fundi alikuwa amemfundisha Redio miaka sita na hakuwahi kuona mkono wake ukitoa kitu kama kile.

"Na ya katikati?" aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mama ndiye aliyesema. Kaniambia, mwanangu, huyo shemeji yako anaogopa, wewe huogopi. Nikalala kifudifudi ili nisiyaelemee, nikafanya kutokea kando." Redio alikuwa anameremeta kwa jasho na kwa furaha. "Ila saruji ilikuwa inadondoka ndani, shemeji, kila ukiweka inazama. Nikachana ile mifuko ya saruji, nikakunja makaratasi, nikayashindilia kwanza, ndipo nikaziba juu yake. Ilishika. Tena nimeongeza saruji, uji mzito. Haitoboki ile."

Hii hila ya karatasi kila fundi anaijua. Unaifanya kwenye tundu dogo la ukuta, pasipo na madhara. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Alipiga magoti, akabonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa bado mbichi. Kwa saa moja na tindo angeikwangua yote. Redio alikuwa anamwangalia usoni, akingoja neno, na fundi aliliona hilo, mtu mzima wa miaka thelathini na nane anangoja kuambiwa amefanya vizuri. Hapo ndipo Mama alipotoka jikoni, simu mkononi, anacheka nayo.

"Ndiyo, baba, imekwisha, kama sinia! Nimepita bila fimbo. Huyu hapa umsikie mwenyewe." Akamkabidhi fundi simu.

"Imekwisha?" mwenye nyumba akauliza. Kelele za barabara zilikuwa zimekoma, alikuwa amefika. Sauti ilikuwa ya mtu aliyevua viatu.

Macho mawili upande huu, macho mawili upande ule.

"Imekwisha," fundi akasema.

"Nilijua. Asante sana. Nitakutaja kwa watu."

Alimrudishia Mama simu. Akatafuta la kufanya, na kitu pekee alichokiona mbele yake kilikuwa uongo mdogo wa kazini. "Mama," alisema, "saruji hii mpya. Inataka siku saba ikomae. Usiikanyage katikati, wala kiti usikiweke. Ukikaa itapasuka. Imwagilie maji tu, asubuhi na jioni, ukisimama pembeni."

"Siku saba," Mama akarudia, akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi nitakaa mlangoni."

Fundi alitoka na mtaimbo wake begani. Mama aliukataa ukweli, akapokea uongo kwa mikono miwili, kwa sababu uongo ulihusu saruji, na saruji ni ya fundi. Njiani alijihesabia: siku saba zinatosha. Kesho atarudi.

Kesho ilipofika aliitwa na bibi mmoja ambaye bafu lake lilikuwa linavujia kwa jirani, na jirani ameshika panga. Keshokutwa yake kazi hiyo haikuisha. Siku ya nne mvua ikaanza.

Hakuwa amefikiria mvua. Alisimama chini ya kibaraza cha yule bibi wa bafu, akiangalia maji yanavyoteremka barabarani, na akili ikaanza kufanya hesabu yake bila kuombwa. Uwanja ule ulikuwa unayanywa maji yake mwenyewe, kila mwanya ukinywa tone lake. Sasa ulikuwa hauna midomo. Mvua yote iliyoanguka juu ya mabamba mia na ishirini ilikuwa inatelezea sehemu moja, kwenye kitundu cha jikoni. Na maji ya jikoni, Mama alisema, yalikuwa yanakwenda humohumo.

"Mbona umeacha kazi?" Redio alimwuliza. "Una homa?"

"Mabomba ya udongo. Miaka thelathini. Lazima yamepasuka chini kwa chini. Tunalilisha lile shimo, shemeji. Linakula kingo."

"Lakini juu nimeziba vizuri."

"Umeziba vizuri mno."

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya sita kulikuwa na jua, na simu ya fundi ikaita mapema. Alikuwa Mama.

"Fundi, saruji yako imekomaa kabla ya siku. Nimeigonga kwa fimbo, ngumu kama moyo wa mkwe. Nimeshatoa kiti."

"Umekiweka wapi?"

"Mahali pake, nikiweke wapi?"

Fundi aliuchukua mtaimbo. Mbao hakuzikumbuka. Walikwenda karibu kukimbia, yeye na Redio, na Redio aliongea njia nzima mpaka kwenye kona ya mwisho.

Geti lilikuwa wazi. Walipita pembeni mwa nyumba. Uwanja ulikuwa umeoshwa, mkavu tayari, unang'aa kama sinia kweli. Mama alikuwa katikati, ungo wa mchele magotini.

"Mama, inuka, tafadhali. Taratibu."

"Karibuni. Mmekunywa chai?"

"Mama, nilikudanganya. Saruji haihitaji siku saba ili mtu akae. Nilitaka usikae hapo mpaka nirudi."

Alichagua punje moja nyeusi, akaitupa. "Na mwanangu ulimwambia nini kwenye simu?"

"Nilimwambia imekwisha."

"Basi imekwisha."

"Haijakwisha."

"Kwa hiyo wewe ndiye mwongo," Mama alisema bila hasira, "na umekuja hapa na chuma kuniambia mume wangu ndiye."

Fundi alibaki ukingoni. Alimwona jinsi alivyokuwa: kandambili zimevuliwa, miguu juu ya zege lenye joto, mkono uliovunjika umelala juu ya ungo bado mwembamba kuliko mwenzake. "Sijui kama alisema uongo," alijibu. "Sikumjua. Nina kokoto na waya tu. Wewe ulimjua. Lakini hukuyaona hayo malori, Mama. Acha nifungue bamba moja. Nikikuta kifusi, nitakwenda kaburini kwake na kupiga magoti, na wewe utanisindikiza uhakikishe."

Jirani alikuwa anapiga mswaki upande wa pili wa ukuta, wakamsikia anasukutua, anatema.

"Kuna siku," Mama alisema hatimaye, "nilimwuliza aliyeleta malori ni nani, nikampe shukrani. Akasema amesahau jina. Mtu aliyekuwa anakumbuka namba ya baiskeli yake ya kwanza." Akavaa kandambili. "Usinishike. Nitatembea mwenyewe."

Alinyanyuka. Alitembea hatua sita mpaka mlangoni, ungo mkononi, na kila hatua fundi aliikanyaga naye kwa macho. Redio akasema anakwenda bombani kuchota maji ya kulainishia, kwa kuwa mikono yake ilitaka kitu cha kushika.

Sasa ilibaki kujua ni mabamba gani. Chaki ilikuwa imefutwa. Mianya yote ilifanana, misafi, mizuri. Fundi aligonga kwa mpini wa nyundo akakuta jambo ambalo hakulitarajia: mabamba yote yalijibu sauti moja. Saruji ya Redio ilikuwa imeyashikamanisha yakawa kitu kimoja, na kitu kimoja kina sauti moja. Ilibidi ahesabu. Kutoka jikoni, safu ya nne mpaka ya sita. Kutoka ukuta wa kushoto, ya tano mpaka ya saba. Akahesabu mara mbili. Akaenda kwenye safu ya tatu, nje ya yale tisa kwa bamba zima, juu ya bamba ambalo wiki iliyopita aliligonga kwa mkono wake mwenyewe akalikuta zima, akapiga magoti hapo. Akauweka mtaimbo kwenye mwanya, akagonga.

Saruji haikuvunjika. Redio alikuwa ameongeza saruji, uji mzito. Fundi aligonga tena. Mara ya tatu alisimama, akauinua mtaimbo kwa mikono miwili.

Mama, mlangoni, hakusikia mshindo mkubwa. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu aliyeketi kwenye godoro. Mabamba hayakuanguka moja moja. Yalikwenda kumi na saba pamoja, yameshikana, kama mfuniko wa sufuria uliobonyezwa upande, na fundi na kiti na mtaimbo vikaenda navyo. Halafu likatoka vumbi kidogo tu, kwa kuwa chini kulikuwa na maji.

Redio alikuja na ndoo yake ya maji, akasimama.

Fundi alitolewa baada ya muda wa saa tano, na watu wa mtaa waliofunga kamba kwenye geti. Alikuwa hai. Alifia hospitali siku ya pili, bila kuongea. Waliokwenda chini walikuta maji mpaka kifuani, tope, na ncha za magogo sita yaliyooza zikiwa bado zimechomekwa kwenye kingo za shimo. Kifusi hakikuwamo.

Mwenye nyumba alirudi, akakaa majuma matatu. Alilifukia shimo na kumwaga zege juu ya uwanja wote. Kazini walimsubiri, akarudi. Mama alihamia kwa dada yake. Yuko hai, mkono umepona. Marehemu mumewe hamtaji, wala hakatazi watu kumtaja.

Mke wa fundi alikaa eda, kisha akaanza kushona sare za shule. Ana watoto watatu. Mkubwa amemaliza shule mwaka jana. Redio anaishi kwa dada yake, chumba cha uani. Anafanya kazi ya kupakia matofali kwenye malori. Siku hizi watu wanamwita kwa jina lake halisi.